Soketi inapata moto, ni kawaida? Kagua soketi na nyaya za nyumba yako bila kufungua skrubu hata moja

Maswali huwa ni yale yale. Soketi inapata moto nikipiga pasi, hiyo ni kawaida? Chaja ikiingia inatoa cheche, niogope? Breka inashuka kila nikiwasha hita, si niweke tu kubwa zaidi? Leo najibu mmoja, kesho anakuja mwingine na lile lile, basi naandika yote hapa, we soma mpaka mwisho afu ndo uinuke ukakague, usianze kuzunguka na bisibisi mkononi. Tena bisibisi iache huko huko kwenye droo. Mwongozo huu haufungui soketi yoyote, kazi yote ni macho, pua, masikio na mgongo wa mkono, na ukimaliza utajua kama unalala vizuri au unamtafuta fundi leo leo.

Nadharia ni moja tu, nivumilie. Watu wengi wanaamini kukiwa na tatizo breka itashuka yenyewe. Sio kila tatizo. Breka inaangalia umeme unaopita, ukizidi inakata, basi. Sasa chukua soketi ambayo skrubu yake ya ndani imelegea: hita yako inavuta ampia 10 (ampia ni kipimo cha umeme unaopita), breka inaona ampia 10, kwake mambo shwari. Ila pale kwenye skrubu iliyolegea umeme unapenya kwa shida, na ukinzani (ugumu wa umeme kupita) wa nusu omu tu ukipitiwa na ampia 10 unatoa wati 50 za joto, zote zimebanana kwenye nafasi ndogo kama punje ya hindi, nyuma ya plastiki, ndani ya ukuta. Ni kama umeacha chuma cha kulehemu cha fundi redio kimewaka humo ndani. Breka haina habari kabisa. Ndo maana tunakagua kwa mkono na pua.

Andaa hivi kwanza:

- Tochi, au taa ya simu
- Tesita ya kawaida, ile inayofanana na bisibisi yenye kitaa kidogo ndani
- Taa ya mezani au chaja ambayo una uhakika ni nzima
- Kifaa kizito unachokitumia kila siku, iwe hita, pasi au birika la umeme
- Peni na tepu ya karatasi ya kuandikia
- Viatu vikavu vya soli ya mpira, na mikono mikavu
- Mtu wa pili, hata mtoto mkubwa, wa kukupazia sauti toka chumba kingine

Fanya mchana. Utazima umeme mara kadhaa na giza halisaidii mtu.

1. Jua umeme unazimwa wapi

Nenda kwenye kisanduku cha breka, tafuta meni swichi, ile inayozima nyumba nzima, izime na uiwashe mwenyewe kwa mkono wako (zima kompyuta kwanza, na friji ichomoe). Waonyeshe wote wanaoishi humo ndani, maana siku ya cheche wewe unaweza kuwa kazini. Kama mbele ya kisanduku kumepangwa maboksi na mafagio, hamisha sasa hivi, sio baadaye.

Afu shusha breka moja moja, mwenzako azunguke na ile taa ya mezani akichomeka kila soketi na kupaza sauti kipi kimezima. Andika kwenye tepu, bandika chini ya breka husika. Kosa la hapa ni kudhani. Unashusha breka ya sebuleni unajisemea soketi zote za sebuleni zimekufa, kumbe ile ya kwenye kona fundi aliivuta toka chumba cha jirani kwa sababu waya uliisha. Jaribu kila moja.

2. Zunguka na tochi, angalia tu

Unatafuta kava lenye ufa, kava lililotoka ukutani, alama nyeusi kama masizi, plastiki iliyoyeyuka au kubadilika rangi. Plastiki ikizeeka inakuwa ya njano kote sawasawa, hiyo ni umri tu. Ila ukiona ukahawia umezunguka tundu moja na matundu mengine ni meupe, huo ni moto, na uko upande huo huo wa tundu. Angalia pia juu ya soketi kama ukuta una unyevu au dari inavuja, maji yanafuata bomba la nyaya mpaka kwenye soketi.

Kama sisimizi wameifanya soketi kuwa njia yao, tafadhali usipulizie dawa ya kopo humo ndani. Ile gesi inayosukuma dawa mara nyingi inashika moto, na wewe umeipeleka palipo na cheche. Zima breka, mwite fundi asafishe.

3. Pima ulegevu

Chomeka plagi, achia mkono. Inakaa imara? Au inainama yenyewe, inacheza, inabidi uiegemezee kitabu ndo ishike? Kinachopitisha umeme humo ndani ni vibati viwili vinavyobana pini, vikichoka kubana, mguso unakuwa hafifu, na mguso hafifu ndo zile wati 50 nilizosema juu. Soketi ya hivyo haitengenezwi kwa kukunja pini za plagi, inabadilishwa.

Na hapa niseme hili maana nimeliona kwenye nyumba nyingi mno: soketi ya matundu matatu ya pembe nne, plagi ya pini mbili za duara, mtu anachukua kijiti au peni anakibonyeza kwenye tundu la juu ili vile vifuniko vya ndani vifunguke, afu anasukuma. Inaingia, ndio. Lakini pini ya duara kwenye tundu la pembe nne inagusa kidogo sana, na vile vifuniko ulivyovilazimisha viliwekwa ili mtoto asiingize msumari. Tumia adapta inayofaa, yenye fyuzi ndani.

4. Pima joto

Hii ndo hatua kubwa, usiiruke.

a) Chomeka kifaa kizito pale pale unapokitumiaga siku zote, kiwashe, kiache robo saa. Pasi na hita zinajizima na kujiwasha, sio neno, mradi muda upite.

b) Gusa kava la soketi na mwili wa plagi kwa mgongo wa mkono, sio kiganja. Mgongo wa mkono unahisi joto vizuri, na kama kuna umeme umevuja misuli ikikaza mkono unajikunja kwenda kwako badala ya kushikilia. Kwenye alama za kuungua au unyevu usiguse hata kwa mgongo, hapo umeshapata jibu kwa macho.

c) Uvuguvugu mdogo baada ya robo saa ya wati 2000 sio kesi. Joto la kukufanya uondoe mkono, hiyo ni kesi. Zima, chomoa, soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aione.

d) Ukishachomoa, subiri kidogo uangalie pini. Pini nzima zinang'aa zote sawa. Iliyokuwa nyeusi au yenye rangi ya bluu bluu, au plastiki ya kwenye shina lake imelainika, ndo upande uliolegea.

Chaja ya simu yenyewe kuwa ya moto kidogo ni jambo jingine, ile ina mitambo yake ndani inayotoa joto. Tunachotafuta ni joto la soketi.

Mimi hapa niliwahi kulipia ujinga. Soketi ya jikoni iliungua upande mmoja, nikaita fundi akaweka mpya, safi, ila plagi ya birika ikabaki ile ile yenye pini nyeusi, nikaona mbona inafanya kazi. Haikuisha miezi miwili soketi mpya nayo ikawa na lile lile doa la kahawia, tundu lile lile. Pini iliyoungua haigusi vizuri tena, inapeleka joto lake kwenye kila soketi unayoiingiza. Kwa hiyo soketi ikiungua badilisha vyote viwili, soketi na plagi.

5. Nusa na sikiliza

Zima redio na tivi, kaa kimya dakika moja karibu na kila soketi yenye kifaa kinachofanya kazi. Mlio kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, au tiki tiki tiki isiyo na mpangilio, ni umeme unaruka kwenye nafasi. Kwa pua, harufu ya plastiki inayoungua kila mtu anaijua, ila kuna nyingine inadanganya wengi: harufu kama ya samaki aliyeoza, au kama mkojo. Baadhi ya plastiki za soketi na swichi zikipata moto zinanuka hivyo. Watu wanahangaika kutafuta panya aliyekufa nyuma ya kabati siku tatu kumbe ni soketi.

6. Piga hesabu ya mzigo

Gawa wati kwa volti unapata ampia. Umeme wa volti 230, hita ya wati 2000 inakula karibu ampia 9. Plagi ya ampia 13 mwisho wake ni kama wati 3000. Penye umeme wa volti 120, wati zile zile zinakuwa ampia karibu mara mbili, kwa hiyo tahadhari iongeze.

Sasa ekstensheni. Matundu sita hayamaanishi nguvu mara sita, zote zinapita kwenye waya mmoja na plagi moja. Birika wati 2200 na pasi wati 2000 kwenye ekstensheni moja ni zaidi ya ampia 18, umeshaizidi. Chaja, redio, tivi, taa, hizo weka bila wasiwasi. Na usisome namba iliyoandikwa kwenye mwili wake tu, soma na iliyochapwa kwenye waya: waya wa milimita za mraba 0.75 kawaida ni wa ampia 6 hivi, wa 1.25 ndo unafika 13. Ukikuta boksi limeandikwa 13 na waya ni 0.75, amini waya.

Makosa matatu ya ekstensheni: kuchomeka moja ndani ya nyingine, kuipitisha chini ya zulia au godoro, na kuitumia kwa mzigo mzito ikiwa bado imeviringishwa. Ile ya rola inabidi uivute yote, maana ikibaki imejiviringisha joto halina pa kutokea na ndani inayeyuka wewe nje unaona iko poa.

7. Plagi na nyaya za vifaa

Pitisha macho kwenye kila waya, hasa pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye kifaa, ndo unapokunjwa sana. Waya uliochubuka ukafungwa tepu, haukupona, umefichwa tu. Vuta plagi kwa mwili wake, sio kwa waya.

Plagi zenye fyuzi: taa na redio zinahitaji ya ampia 3, pasi na birika 13. Na kama kuna mtu humo ndani aliwahi kuweka karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi, hiyo plagi itoe leo.

8. Bonyeza kitufe cha T

Kwenye kisanduku cha breka tafuta kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ni RCD. Yenyewe haiangalii mzigo, inaangalia kama umeme uliotoka ndo uliorudi. Ya nyumbani mara nyingi inakata ukivuja miliampia 30. Linganisha na breka ya ampia 16: umeme wa kumuua mtu ni mdogo mno breka isiuone kabisa. Bonyeza T, inatakiwa ishuke hapo hapo. Isiposhuka ni mbovu. Ikishuka irudishe, rudia kila baada ya miezi michache. Kama kisanduku chako hakina RCD kabisa, kama una pesa ya kufanya jambo moja tu la umeme mwaka huu, fanya hilo.

9. Maji na watoto

Haraka tu. Soketi iliyo karibu na sinki ambayo matone yanaifikia, ihamishwe. Usichomeke kwa mkono uliotoka kuosha vyombo. Vifuniko vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi, hakikisha ni vya aina ya soketi yako, kisichofaa kinaweza kutanua vibati au kuacha vifuniko vya ndani wazi.

10. Andika ulichoona

Soketi ipi, ukiwa umewasha nini, baada ya muda gani. Piga picha. Ukimwambia fundi "umeme unasumbua" atazunguka nusu siku, ukimwambia "soketi ya pili kushoto jikoni, tundu la kulia, inapata moto nikiwasha birika" anaanzia hapo.

Hizi usisubiri kesho

Moshi, harufu ya kuungua isiyoisha, cheche kubwa zenye mlio, soketi iliyolowa, mtu kupigwa shoti kwa kugusa friji au bomba, na taa za chumba kimoja kuwaka kali kuliko kawaida huku za chumba kingine zinafifia. Hiyo ya mwisho wengi wanaichekea. Mara nyingi ni waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) umelegea au umekatika, na volti zinaweza kupanda mpaka tivi na friji zikaungua kwa pamoja. Zima meni, chomoa vifaa, mwite fundi au kampuni inayokuletea umeme.

Moto ukiwaka usimwagie maji. Zima meni kama unaifikia salama, tumia kizimamoto cha poda au cha kaboni dioksaidi kama moto bado mdogo, la sivyo toka na wote, funga mlango, piga simu ya zimamoto ukiwa nje.

Mtu akinaswa na umeme usimshike. Zima kwanza. Huwezi kuzima, simama pakavu umsukume kwa kitu kikavu cha mbao au plastiki. Hapumui, mwite msaada na anza kumbonyeza kifua. Akiamka na kusema yuko sawa, hospitali bado anaenda, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Ukikwama hapa

*Breka inashuka kila saa.* Chomoa vyote vya laini hiyo, irudishe. Ikishuka na hakuna kilichochomekwa, shida iko kwenye nyaya, iache chini, mwite fundi. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja, kitakachoishusha ndo mbaya. Ikikaa na vyote mpaka uwashe vizito viwili pamoja, ni mzigo tu, tenganisha. Kuweka breka kubwa sio dawa: waya wa milimita 1.5 wa taa ukiuwekea breka ya ampia 32, waya wenyewe ndo unageuka fyuzi, ndani ya dari.

*Soketi imekufa lakini tesita inawaka.* Ikiwaka tundu moja tu, hiyo inaonyesha waya wa moto (unaoleta umeme) upo, ila huenda nyutro haifiki. Ikiwaka matundu yote mawili wakati kuna kifaa kimewashwa kwenye laini hiyo, ni nyutro imekatika na umeme unarudi kupitia hicho kifaa. Watu wanashangaa "umeme umezidi", hapana. Na tesita isipowaka usiiamini moja kwa moja, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ni nzima.

*Cheche ndogo nikichomeka chaja ya laptopu.* Mara moja, ndogo, ya bluu, basi, hiyo ni chaja inajaza mitambo yake. Chomeka swichi ya soketi ikiwa imezimwa utaona inaisha. Cheche ya njano, inayorudia, au inayoacha doa, rudi hatua ya 3.

*Friji inanitekenya nikiigusa.* Waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) haufanyi kazi na kuna umeme umevuja. Kuvaa ndala sio matengenezo. Chomoa, na fundi apime ethi ya nyumba nzima, sio ya friji peke yake.

*Fundi amekuja, amesema tayari.* Usimlipe yote mlangoni. Muulize aliikuta skrubu ipi imelegea, aonyeshe soketi na plagi alizotoa, afu chomeka kile kifaa chako kizito pale pale, kiwashe, na mkae naye robo saa mkipiga stori. Ikifika robo saa weka mgongo wa mkono kwenye kava, mbele yake.